Jiwe la Mlango wa Jiko

Mtu anawezaje kuchefukwa na jiwe alilolikanyaga kila alfajiri kwa miaka kumi na minne, jiwe ambalo halikuoza wala kunuka? Avelina alijiuliza hivyo akiwa ameinama nyuma ya ghala, mkono mmoja ukutani na mwingine kinywani. Alichojua ni kwamba akifumbua kinywa, chai na viazi vya asubuhi vingemtoka mbele ya foleni ya watoto wa watu.

Saa mbili kabla ya hapo alikuwa mwanamke mwenye furaha. Walikuwa wamefika Sumbawanga jana yake kwa basi la Namanyere kutoka kwao Nkasi, yeye na mumewe Cleophas, binti yao Jenifer na mama mkwe wake, Bibi Silvana, wakafikia kwa Loth, mdogo wake Cleophas, aliyepanga vyumba viwili huko Pito. Ilikuwa likizo ya Juni. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kusafiri kwa ajili ya likizo. Watu walisafiri kwenda msibani, hospitali au kuuza mahindi. Lakini Jenifer alikuwa ameshika nafasi ya kwanza kwa sayansi darasa la sita, na baba yake alikuwa ametamka nje ya kanisa, watu wakisikia, kwamba akiwa wa kwanza atampeleka kuona Bustani ya Anga, mahali alipoajiriwa baba yake mdogo. Ahadi ilikuwa imefika hadi kwa katekista. Hapakuwa tena na pa kuificha.

Avelina alishangaa kidogo kuona kwamba kadiri siku ilivyokaribia, ndivyo mumewe alivyozidi kupata visingizio. Mahindi hayajapukuchuliwa. Baridi ya Juni itamtesa mama. Na walipofika langoni, Cleophas alisema wao waingie, yeye atabaki nje kulinda mzigo.

"Mzigo gani, Baba Jenifer?" Avelina aliuliza.

Cleophas aliutazama mzigo wenyewe, kikapu kimoja cha viazi vilivyochemshwa, akakiweka vizuri miguuni pake kama mtu aliyekabidhiwa sanduku la sadaka.

Bustani yenyewe ilikuwa ghala la zamani la mahindi lililopakwa rangi ya buluu na kuchorwa nyota. Kijana wa mlangoni aliwapokea tiketi, akawatazama miguu, akawaamuru wavue viatu. Waliotangulia, waliovaa viatu vya kufunga kamba, hawakuvua. Avelina alipouliza sababu, kijana alijibu kwa upole wa mtu anayejua anachekesha, "Mwezini hakuna matope, mama." Watu wawili wakacheka. Akawasukumia ndara za plastiki zilizokuwa zimelowa jasho la miguu ya watu wengine, baridi na utelezi, na Avelina alipoingiza vidole alihisi kitu laini ambacho hakutaka kukijua. Bibi Silvana, ambaye ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemwachia nuru kidogo tu, aliomba aende peku. Akakataliwa.

Ndani kulikuwa na giza, na harufu ya dawa ya kuhifadhia mahindi iliyochanganyika na mkojo wa panya. Sayari zilikuwa mipira iliyopakwa rangi na kuning'inizwa kwa waya. Ile yenye pete ilikuwa imezungushiwa ungo uliotobolewa katikati. Jenifer aliutazama ungo ule kwa muda mrefu, akausamehe. Roketi ilikuwa tangi la maji lililofungwa koni ya bati juu yake. Jenifer aliisamehe pia, akamweleza bibi yake kwa kunong'ona namna roketi ya kweli inavyoachia vipande vyake njiani vikishaishiwa mafuta. Bibi akasema huo ni ubadhirifu.

Loth aliwaongoza akiwa amevaa koti la kung'aa kama karatasi ya sigara. Tangu jana alikuwa amewaonya kwamba kazini yeye si baba mdogo wala shemeji, wamwite mtaalamu. Aliwapeleka penye vazi la mwanaanga, yaani ovaroli nyeupe ya mpaka rangi na helmeti ya bodaboda, akasema picha imo ndani ya tiketi. Mtoto aliyetangulia alikuwa na mafua. Loth aliipokea helmeti kutoka kichwani mwake na kuishindilia kichwani mwa Jenifer bila hata kuipitishia kitambaa. Jenifer alibana pumzi hadi picha ikapigwa. Alipoivua, shavu lake liling'aa mafuta ya nywele yasiyo yake.

"Mama, inanuka kama mdomo wa mtu," alisema taratibu.

Avelina alimfuta kwa pindo la kitenge, akalikunja pindo lile kwa ndani ili lisimguse.

Mlango wa mwisho ulikuwa na pazia jekundu. Hapo Loth alibadilika. Alisema chumba kile hakina la maana, kwamba shemeji yake amechoka, kwamba jua la nje litamfaa mama. Avelina alikuwa tayari kumkubalia, lakini pazia likafunuliwa na akatokea mwenye bustani, Bwana Adolfu, ambaye wafanyakazi wote walimwita Profesa. Yeye hakujua kwamba wale ni jamaa za Loth. Aliona kikongwe na watu wawili waliolipa. Akamshika Bibi Silvana mkono kwa heshima kubwa.

"Shikamoo, mama. Leo utaushika mwezi kwa mikono yako."

"Marahaba, baba," alijibu Bibi Silvana. "Mwezi umeshuka lini?"

Kipande cha mwezi kilikuwa juu ya kitambaa chekundu, kwenye jukwaa la mbao lililofika vifundoni, kimemulikwa kwa taa. Kilikuwa kikubwa kama debe la maharage, kimepakwa rangi ya fedha ile ya kupakia mabati. Watu wapatao ishirini walikuwa wamekizunguka. Profesa alieleza kwamba kilianguka katika wilaya ya Nkasi kikiwa kinawaka, na kwamba wataalamu wamethibitisha kwamba vumbi lake husafisha kifua na damu. Vumbi lenyewe lilikuwa mezani, katika vifuko vidogo vya nailoni kama vile vya karanga. Mwanamke mmoja kijana, aliyembeba mtoto mwenye kikohozi cha kukauka, alinunua kifuko, akachovya kidole, akamlambisha mwanawe palepale. Mtoto alikunja uso, akatema. Mama yake akakikusanya kile alichotema na kukirudisha kinywani mwake.

Profesa akauweka mkono wa Bibi Silvana juu ya jiwe.

Kiganja cha kikongwe kilitembea. Kilipita juu ya mikunjo iliyolala kama uji uliogandia chunguni, kikateremka ubavuni, kikasimama. Kidole gumba kilikuwa kimepata pa kuingia. Bibi Silvana aligeuka, akakusanya khanga yake kwa nyuma, akajishusha na kuketi juu ya kipande cha mwezi kama alivyoketi kila asubuhi alipokuwa akichambua maharage.

"Avelina," aliuliza kwa sauti yake ya kila siku, "mbona jiwe langu liko huku?"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Loth alimvuta mama yake mkono ili ainuke. Lakini Jenifer alikwisha kupiga magoti ubavuni mwa jiwe, na alipoinuka alizungumza kama anavyojibu swali darasani, wima, mikono nyuma.

"Hili halikutoka mwezini. Ni mavi ya chuma. Wazee walipoyeyusha udongo wa chuma kwenye ilungu, tanuri lao, takataka zilitiririka chini zikaganda hivi. Hapa kuna kipande cha bomba la udongo la kupitishia hewa, na hapa kuna alama ya kidole gumba cha aliyelifinyanga. Lilikuwa ngazi ya mlango wa jiko letu."

Profesa akatabasamu, akageukia watu.

"Mmeona maendeleo ya elimu? Mtoto wa Nkasi amekuja kuufundisha mwezi." Walipomaliza kucheka, aliongeza bila tabasamu, "Aliyeliona likianguka ni mtu mzima, ana akili zake, na ametia sahihi. Anayejua kusoma asome."

Aliyesogea kusoma alikuwa Avelina. Karatasi ilikuwa ukutani ndani ya fremu. Ilisema kwamba mkulima aliyetajwa hapo chini aliona kwa macho yake kitu chenye moto kikianguka shambani kwake, kikawaka siku tatu. Jina lilikuwa la Cleophas. Sahihi ilikuwa na ule mkia mrefu mwishoni aliouona mara ya kwanza katika kitabu cha ndoa cha parokia.

Akakumbuka gari dogo la mizigo lililokuja mwezi wa tatu kulichukua jiwe la mlango wa jiko, na maelezo ya mumewe kwamba kuna kiwanda kinachonunua chuma chakavu. Akatazama vidole vya mama mkwe wake, vilivyokuwa vimeingia rangi ya fedha. Akatazama midomo ya yule mtoto mwenye kikohozi, iliyokuwa na rangi ileile pembeni. Hapo ndipo alipoupita umati mbio, miguu ikiteleza katika ndara za watu.

*

Cleophas alimkuta nyuma ya ghala. Alikuwa amekuja na kikapu chake.

Hakukana. Alisema kwanza kwamba ni maneno tu ya biashara, kwamba waganga wangapi wanauza vitu vibaya zaidi na hakuna anayewauliza. Kisha akasema ukweli uliobaki. Loth ndiye aliyemleta mnunuzi. Loth alikuwa amekaa miezi minane mjini bila kazi, na Profesa alimwambia kwamba anayeweza kumpatia jiwe na shahidi wake atapata koti. Jiwe peke yake halikuwa na bei. Walicholipia ni sahihi.

"Na hela yake?" Avelina aliuliza.

Cleophas aliitazama miguu yake mwenyewe. "Tumekuja nayo huku. Nauli, tiketi. Na lile begi jipya la shule la Jenifer."

"Kwa hiyo tumelipa kuja kuliona jiwe letu kwa hela ya jiwe letu."

"Nilijua mama haoni. Nilijua limepakwa rangi. Sikujua atalikalia."

Wakati mwingine wowote Avelina angecheka. Aliinama tena, na safari hii chai na viazi vilitoka. Cleophas alimshikia kitenge, na ule uangalifu wake wa kumshikia kitenge ulimchukiza kuliko yote aliyoyasikia.

*

Yule mwanamke mwenye mtoto aliitwa Hellena na alikaa palepale Pito, nyumba ya nne kutoka kwa Loth. Alasiri Avelina alimwona akianua nguo, akaenda. Walisalimiana, wakaulizana habari za mavuno, wakakaa kwenye mkeka. Mtoto alilala kifudifudi mapajani mwa mama yake, na kila alipokohoa mgongo wake mdogo ulipanda kama unaovutwa kwa kamba.

Avelina alimwambia kwamba lile vumbi si dawa. Alimwambia lina rangi ya mabati. Alimwambia ampeleke mtoto zahanati, hata yeye yuko tayari kumsindikiza.

Hellena alisikiliza kwa adabu. Zahanati alikwisha kwenda, wakampa dawa ya maji. Imekwisha na kikohozi kipo. Kesho atauza kuku wake mmoja ili apate kifuko cha pili, kwa sababu Profesa amesema cha kwanza hufungua na cha pili ndicho huponya.

"Dada," alisema, "wewe mwanao ni namba moja shuleni. Mimi wangu anakohoa. Na ninyi mnasema jiwe ni la kwenu, lakini kuna mtu ametia sahihi kwamba ameliona likianguka. Nimwamini nani, mtoto au mtu mzima?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini: huyo ni mume wangu. Lilikuwa na maneno manne tu. Avelina alilishika, akalizungusha, akalimeza. Alisema jua linazama, akaaga. Njiani alitema mate mara tatu, lakini ladha haikuondoka.

*

Profesa alifika kabla ya giza, akiwa na kreti ya soda na kilo mbili za sukari. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alimwamkia Bibi Silvana kwa kuinama, akamwomba radhi kwa kutojua kwamba ni mama wa mfanyakazi wake. Alimsifu Jenifer, akasema watoto wenye macho kama yale ndio taifa linaowahitaji. Kila neno lake lilikuwa limepigwa pasi.

Alichokitaka kilikuwa kidogo, alisema. Kesho saa nne kutakuwa na shule tatu pamoja na mgeni rasmi. Jenifer asimame dakika moja tu, aseme kwamba alikosea, kwamba jiwe la kwao lilifanana tu na hili. Yeye atampa cheti cha Balozi Mdogo wa Anga na sare mpya ya shule. Hiyo ingekuwa hadithi nzuri: mtoto aliyekosea na kujifunza. Kama haiwezekani, basi hana la kufanya. Hawezi kukaa na mfanyakazi ambaye ukoo wake unamharibia kazi. Na ile karatasi ya sahihi, alisema akimtazama Cleophas kwa huruma, mahali pengine wanaweza kuiita utapeli, na aliyetia sahihi si yeye.

Kisha akafungua soda na kumpa Bibi Silvana, ambaye hakuipokea. Tangu mchana kikongwe alikuwa amekaa pembeni na bakuli la majivu, akisugua vidole vyake kimoja kimoja, na rangi ya fedha ilikuwa bado katika mistari ya ngozi.

Loth alikuwa wa kwanza kusema. Aliongea kwa ukali, kama mwenye haki, kisha sauti ikamvunjika. Aliuliza kama kuna aliyejua ilivyo kusimama miezi minane sokoni ukisubiri gunia la mtu ulibebe. Aliuliza dawa ya macho ya mama hutumwa na nani. "Ni sentensi moja, kaka. Mtoto amesoma sentensi ngapi mwaka huu?"

Cleophas alimgeukia binti yake. Alimwita kwa jina la utani, jina ambalo hakuwa amelitumia tangu mtoto alipoanza shule, akamwambia kwamba mtu mwenye adabu huweza kusema amekosea hata kama hakukosea, ili watu waishi.

Jenifer alifikiri. Alikuwa mtoto anayefikiri kweli, na wote walimngoja.

"Baba, niseme nimekosea sayansi au nimekosea adabu?" aliuliza. "Kwa sababu adabu naweza kuomba radhi. Niliwakatiza wakubwa. Lakini ile alama ya kidole ipo. Nikisema haipo, mwakani mwalimu akiuliza ninyooshe mkono kwa kitu gani?"

Profesa alitabasamu, akasema mtoto huyu atafika mbali, na akaelekeza macho kwa Avelina, kwa kuwa alijua, kama wanavyojua watu wa aina yake, kwamba katika nyumba mambo huamuliwa na yule ambaye hajasema.

Avelina aliitazama kreti. Aliwatazama ndugu wawili waliofanana pua, wote wawili wakimwomba kwa macho. Hakuwachukia, na hilo lilimshangaza. Kinyaa chake hakikuwa kwao tena. Kilikuwa kwa yale maneno manne aliyoyameza kwenye mkeka wa Hellena, ambayo bado yalikaa kooni kama kitu kilichokwisha kutafunwa na mtu mwingine. Jiwe halikuwa na kosa. Baba wa mume wake alilitoa mahali lilipoangukia ilungu, tanuri ambalo enzi hizo lilipambwa kama bibi arusi siku ya kuwashwa, akaliweka mlangoni ili wake za wanawe wasiingie jikoni na matope. Lilikuwa safi hadi siku lilipowekewa sahihi.

Bibi Silvana alilisogeza bakuli la majivu. "Haiondoki," alisema. Hakumwambia mtu yeyote hasa.

Avelina alisimama. Alizichukua zile kilo mbili za sukari, akaziweka juu ya kreti, akaisukuma kreti kwa mguu hadi ilipogusana na viatu vya Profesa mlangoni. Alizungumza polepole ili asilazimike kurudia.

"Jenifer hatasema amekosea. Kesho saa nne nitasimama mimi, mbele ya hizo shule na huyo mgeni, nitasema jiwe ni la mlango wa jiko langu na aliyetia sahihi ya uongo ni mume wangu, Cleophas. Loth, ukifukuzwa utarudi Nkasi, tutalima pamoja, na dawa ya mama tutaitafuta. Baba Jenifer, ukitaka kusimama nami utasimama, usipotaka nitasimama peke yangu. Sasa hivi ninakwenda kwa Hellena kumwambia asiuze kuku."